Swali la Kumi na Nne

9 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Salamu zikufikie wewe na Mama, na kinyozi jirani na mkewe, na yule paka asiye na mwenyewe kama bado mnamlisha. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha. Mvua imenyesha wiki nzima na ofisini kwetu dari inavuja. Tumeweka ndoo katikati ya makabrasha na kila mtu anajifanya haioni.

Kama kawaida yetu, karatasi hii msomee Mama. Msomee polepole, usiikimbize kama unavyokimbiza cherehani.

Mama, kuna habari ya kadi. Kuanzia tarehe mosi Aprili mifuko yote ya bima ya afya inavunjwa na kuwa Mfuko mmoja wa serikali. Zamani kadi ilikuwa ya mwenye ajira na watu wake. Muuza maji hakuwa nayo, mchimba mitaro hakuwa nayo, akiugua anauza kitanda. Sasa kila kaya itakuwa na kadi yake. Mwenye uwezo atachangia, na asiye na uwezo serikali itamlipia. Nimelifanyia kazi jambo hili mwaka mzima na sioni haya kulisifia. Ila kwa sheria mpya wazazi hawakai tena kwenye kadi ya mtoto. Wewe utaandikwa mkuu wa kaya, Fundi yuko chini yako. Ufurahie cheo.

Atakuja mtu kutoka Mfuko kukuuliza maswali ishirini. Jibu ukweli tu, unatosha. Jumanne na Ijumaa utaendelea kusafishwa damu kama ulivyozoea.

Mwanao.

(Karatasi ya pili, yako peke yako. Itie kwenye kopo la vifungo.)

Fundi, kila kaya itawekwa kwenye daraja. La kwanza serikali inalipa yote. La pili mnachangia kidogo kwa mwaka. La tatu mnalipa nusu ya kila huduma, palepale dirishani. Nyinyi ni daraja la kwanza, hilo halina ubishi. Mambo yangu ya huku yamebana kidogo. Usiniulize kwa simu, Mama anasikia hata sindano ikianguka.

Kaka.


2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi ni wazima kwa kadiri ya uzima wetu. Paka amezaa chini ya meza yangu ya kukatia, watoto wanne, na mmoja amelala juu ya kola za sare za shule ninazotakiwa kupeleka Jumatatu. Kinyozi anakusalimu. Anasema ukirudi na hicho kipara ulichotuma kwenye picha atakukata bure.

Mama ameipenda barua. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananitangulia maneno. Macho yamefifia zaidi, sasa ananiona kama kivuli kinachoongea, lakini masikio hayo, Mungu ayaache hapo hapo.

Mtu wenu alikuja Alhamisi. Ni binti mdogo mwenye tableti na viatu vya mvua. Mama tangu asubuhi alikuwa ananisumbua: piga pasi gauni la bluu, futa kiti, toa vikombe vyenye vishikio vizima. Nikamwambia, Mama, huyu anakuja kuona kama tuna shida, siyo kuposa. Akanijibu, "Huyu ni mgeni kutoka ofisi ya mwanangu." Sikubishana naye. Nawe unajua kubishana na Mama ni kazi ya kutwa.

Yule binti alisema kanuni ni mkuu wa kaya ajibu peke yake, ili asitiwe maneno mdomoni. Kwa hiyo nilitolewa nje ya nyumba ninayoilipia kodi, nikaenda kukaa kwa kinyozi. Walikaa karibu saa nzima. Mara mbili nilimsikia Mama akicheka. Binti alipotoka aliniambia, "Mama yako ana bahati sana." Sikujua ni bahati gani ya mtu anayelala kwenye mashine saa nne mara mbili kwa wiki, lakini nikasema ahsante.

Hukusema kilichobana huko ni nini. Nami sikuulizi kwa simu.

Fundi.


20 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka sana kuhusu vikombe. Mama, nasikia ulimchekesha mfanyakazi wetu. Angalia, tusije tukakuajiri. Kula vizuri, na maji ni vikombe viwili tu kwa siku kama daktari alivyosema, hata ukisikia kiu. Fundi ana jicho kwenye mtungi na mimi nina jicho kwa Fundi.

(Yako.)

Usiwe na wasiwasi. Nimekaa kwenye vikao vyote vya alama na nimepiga hesabu yenu mwenyewe kichwani: vyumba viwili vya kupanga, maji ya kununua, mshonaji mmoja, mgonjwa wa kudumu. Mkikosa daraja la kwanza nyinyi, basi hakuna mtu wa daraja la kwanza nchi nzima.

Kaka.


14 Aprili

Kaka,

Mama hajambo, anakusalimu, na hapo ndipo salamu zinapoishia kwa leo.

Tumepewa daraja la tatu.

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu tarehe mosi, siku ya mashine. Nilidhani wamekosea. Tulifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, Mama na kanga yake ya kujifunikia, na dirishani yule karani aliyetuzoea miaka miwili akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, leo mnalipa nusu." Hakusema kwa ubaya. Nyuma yetu kulikuwa na muuza maji wa mtaa wa chini, yule mwenye mguu mbovu, kadi yake imetoka daraja la kwanza na akapita bure. Nilimfurahia kwa nusu ya moyo tu, nakwambia ukweli.

Nimelipa mara tatu. Kisha nimeuza ile ovaloki, mashine yangu ya kushonea kingo. Sasa kingo nampelekea mshonaji mwingine, ananitoza, na sare zangu zinachelewa. Hata hivyo hesabu inagoma. Vikao vinane kwa mwezi siviwezi, naweza vinne. Kwa hiyo tangu wiki iliyopita Mama anakwenda Ijumaa tu. Nimemwambia kuwa mashine za Jumanne zimeharibika na fundi anasubiriwa. Ameamini, kwa sababu vitu huharibika.

Wewe ulisema umepiga hesabu mwenyewe. Hebu piga tena. Na uniambie ni nani kwenye hiyo ofisi yako anaona sisi ni matajiri.

Fundi.


17 Mei

Fundi,

Najua umengoja zaidi ya mwezi. Natumaini Mama anaendelea kustahimili, na nyumba nzima ipo salama. Safari hii hakuna karatasi ya Mama. Ukishindwa kabisa mwambie posta imeipoteza.

Kanuni inakataza mtumishi kufungua faili la ndugu yake. Anayekamatwa anafukuzwa siku hiyo hiyo. Nililizunguka jambo hili wiki tatu. Juzi, saa ya chakula, wenzangu walipotoka, nililifungua kama mwizi wa kuku.

Paa, kuta, vyumba, maji, yote ni kama nilivyosema. Ugonjwa wa kudumu, ndiyo. Mpaka swali la kumi na tatu mko daraja la kwanza, tena chini kabisa. Kisha linakuja la kumi na nne: Je, mkuu wa kaya ana mtoto mwenye ajira rasmi anayemsaidia kwa fedha? Yule binti ameandika jibu kama Mama alivyolitoa. Nalinakili hapa. "Mwanangu yuko hapo hapo Mfuko. Hunitumia kila mwezi, hajaruka hata mmoja. Mwezi huu amenitumia na za shali."

Swali hilo peke yake lina alama arobaini kati ya mia.

Fundi, mara ya mwisho nimetuma ni Juni mwaka jana. Mimi najua na wewe unajua, maana fedha zilikuwa zinaingia kwenye simu yako. Mama huwa hadanganyi, anaona aibu hata kumdanganya mtoza kodi. Sasa hiyo shali ni shali gani?

Kaka.


29 Mei

Kaka,

Shali ni ya zambarau, nzito, ya kumfaa mtu anayesikia baridi kwenye mashine. Niliinunua mimi.

Nitakueleza mara moja tu. Barua yako ya Julai ilipofika nilimsomea Mama mpaka mwisho. Alibaki anangoja. Akauliza, "Hajasema kitu kingine?" Kila barua kabla ya hiyo ilikuwa na ule mstari wako, Mama nimekutumia kidogo ununue matunda. Hii haikuwa nao. Nilimtazama alivyoinamisha kichwa kusikiliza, nikasema, ngoja, nimeruka mstari. Nikamsomea mstari ambao hukuandika. Siku ile alimaliza sahani. Nikatoka nikanunua matunda kwa fedha niliyolipwa kwa kushona mifuko ya suruali tatu.

Agosti nikausoma tena. Septemba uliandika kurasa mbili juu ya mikutano yenu na hakuna hata neno, nami nikausoma tena. Nikaizoea sauti yako mpaka nikaweza kutia na utani wako. Februari nikasema umetuma na za shali. Nimekufanya mwana mwema kwa miezi minane na sijakudai hata ahsante. Kumbe nilikuwa namchimbia Mama shimo, na siku ya kuhojiwa nikatolewa nje ili nisimtie maneno mdomoni, na maneno yote aliyokuwa nayo mdomoni ni yangu.

Nimelia, usidhani sikulia. Nimelia kwenye bafu la kinyozi ili Mama asisikie.

Lakini nimemaliza kulia, sasa nina hasira na nina maswali. Mtoto si mshahara, Kaka. Mnamwuliza mama mzee kama ana mtoto mwenye kazi, akisema ndiyo mnaandika alama arobaini, mnafunga tableti mnakwenda zenu. Hamkumwuliza huyo mtoto mwisho wa mwezi anabaki na nini. Hamkumwuliza kama ana moyo. Kama kazi ya serikali ni kusubiri mpaka watoto washindwe ndipo ilipe, basi iseme hivyo kwenye redio, isituimbie habari za kila kaya kuwa na kadi. Aliyekaa mezani akatunga swali hilo ningependa kumwona uso. Wewe ulikuwa kwenye vikao vyote. Ni nani?

Na la pili. Kwa nini hutumi?

Mama amevimba vifundo vya miguu. Akipanda ngazi tatu za mlangoni anasimama katikati kama anafikiria jambo, kumbe anatafuta pumzi. Kila Jumanne asubuhi ananiuliza kama fundi wa mashine amefika.

Fundi.


21 Juni

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Salamu zangu kwa Mama utazikuta kwenye karatasi yake, na ombi langu juu ya karatasi hiyo liko mwisho.

Nilianza kuficha mwaka jana mwezi wa saba, na nilificha kwa sababu nilidhani ni jambo la miezi miwili. Mifuko ilipoanza kuunganishwa walituita ukumbini wakatuambia kwamba ajira zote zinahakikiwa upya, na wakati huo tuko kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu, kwa nusu mshahara. Mimi nilikuwa nimeshachukua mkopo wa kiwanja. Nilitaka kujenga vyumba viwili, Mama aje akae karibu na hospitali kubwa. Mkopo unakatwa kabla sijauona mshahara. Kinachobaki ni chumba na nauli, na siku nyingine nauli naila. Mtu aliyewaambia ndugu zake kwamba yeye ni nguzo anapata tabu sana kusema kwamba nguzo imeoza. Nikaona niwe kimya, na wewe hukuuliza, nikakushukuru moyoni kwa kutouliza. Sikujua ulikuwa unaandika kwa niaba yangu.

Hilo ni la pili. Sasa la kwanza. Umeuliza ni nani aliyetunga swali.

Swali la kumi na nne ni langu.

Kikao cha Oktoba. Wataalamu walisema fedha ya serikali haitoshi kuwalipia wazee wote, tutafute namna ya kuwachuja. Nilinyoosha mkono. Nilisema wazee wengi wana watoto wenye ajira, na mtoto abebe mzigo wake kwanza kabla ya kuutupia umma. Nilisema nchi haiwezi kumlea mama wa mtu ambaye mwanawe anakunywa soda ofisini. Walicheka, wakakubali, mwenyekiti akanisifu. Nilikuwa nimekaa miezi minne sijamtumia Mama hata senti. Nadhani nilisema vile ili nijisikie kama bado ninatuma. Sina maelezo mengine, na hili silitetei.

Bado naamini serikali haiwezi kulipa kila kitu. Lakini tuliuliza jambo ambalo mama hawezi kulijibu bila kumsifu au kumuaibisha mwanawe, na hakuna mama tuliyemfikiria pale mezani, hata wa kwangu.

Rufaa ipo. Kamati ya watu watatu wa Mfuko itakaa hapo kwenu tarehe 17 Julai. Mkuu wa kaya anafika mwenyewe na kusema kwa kinywa chake ni jibu gani halikuwa sahihi. Akisema tu kwamba mwanawe hatumi, alama arobaini zinafutwa na mnarudishwa daraja la kwanza hapo hapo. Mimi siwezi kuja. Wiki hiyo ndiyo wanayotangaza nani anaongezewa miezi mitatu, na asiyekuwepo kwenye kiti chake wanamwona hayupo.

Kwa hiyo Mama lazima ajue. Karatasi ya pili ni yake. Nakuomba uisome ilivyo, usiongeze na usipunguze.

Kaka.

(Ya Mama.)

Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao. Tangu Juni mwaka jana sijakutumia kitu. Matunda na shali alinunua Fundi kwa kazi ya mikono yake, akakuambia ni mimi ili usiumie. Mshahara wangu umekatwa nusu na kazi yangu inahesabiwa miezi mitatu mitatu. Niliona aibu kukuambia. Mashine za Jumanne hazijaharibika, ni sisi tumeshindwa kuzilipa. Tarehe 17 watakuuliza kama mwanao anakutumia. Waambie hapana. Nisamehe.


20 Julai

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe saba. Niliiweka kwenye kopo siku tano, siyo kwa kuchelewesha, nilikuwa sijui niketi wapi ninapoisoma. Mwishowe nilikaa sakafuni karibu na miguu ya Mama, na nikasoma kama ulivyoandika. Sikuongeza hata nukta.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Ndiyo mwisho? Hujaruka mstari?" Nikasema sijaruka, Mama, na wala hakuna wa kuongeza. Alikaa muda mrefu anakunja na kukunjua ncha ya shali. Nilikuwa nangoja anikemee, nilikuwa tayari kabisa. Alichouliza ni, "Huko aliko anakula?"

Nikamwambia siku nyingine nauli unaila, na kwamba wiki ya kamati ndiyo wanayotangaza mikataba, kwa hiyo huwezi kuja. Akatikisa kichwa.

Kamati ilikaa kwenye ofisi ya zamani ya mizani, chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Tulikuta watu wengi kwenye mabenchi, wazee watupu na kila mmoja na mtoto wake pembeni, wote tumeinamisha macho. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja fundi seremala. Alitoka akaniambia, "Nimemkana mwanangu, nimepewa daraja la kwanza," akakaa kwenye ngazi kujifuta uso.

Tukaitwa. Walikuwa watatu kama ulivyosema: bwana mmoja wa miwani, mama mmoja wa takwimu, na karani wa kuandika. Walimpa Mama kiti, walimwita "mama yetu", sikuona dharau yoyote. Bwana wa miwani akasoma swali la kumi na nne kwa sauti, akasoma na jibu, mpaka na shali. Akasema, "Mama, kwenye ombi hili binti yako ameandika kwamba jibu hili halikuwa sahihi. Utuambie wewe mwenyewe. Mwanao anakutumia?"

Mama akanyanyua uso. Macho hayaoni, lakini aliyaelekeza sawasawa kwenye ile sauti. Akasema, "Anatuma."

Yule bwana akamwuliza tena, taratibu, nafikiri alitaka kumsaidia. "Kila mwezi, Mama?"

"Kila mwezi. Hajaruka hata mmoja."

Nikafungua mdomo. Mama wa takwimu akaniambia kwa upole kwamba anayesema ni mkuu wa kaya peke yake. Nikashika mkoba ambamo karatasi yako ilikuwa, nikaufungua zipu. Mama akaweka mkono juu ya mkoba, ule mkono wa kushoto wenye mshipa uliovimba kwa sindano, na mkono ule, Kaka, mimi siwezi kuusukuma. Karani akaandika. Bwana wa miwani akavua miwani, akaivaa, akagonga mhuri. Daraja la tatu. Rufaa nyingine hakuna mpaka mwakani.

Nje nilimkalisha kwenye benchi na nikamfokea mama yangu mbele za watu. Nilimwambia barua nimemsomea mara mbili, alikuwa anajua kila kitu, sasa ametaka nini. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Wale ni watu wa ofisi yake. Kazi yake inahesabiwa miezi mitatu mitatu, umenisomea wewe. Leo waandike kwamba hamtunzi mama yake, wiki hii hii, halafu wiki hii hii wamwongezee mkataba?" Nikamwambia ulisema mwenyewe aseme hapana. Akasema, "Yeye ni mtoto. Anasema tu."

Tulipokuwa tunasubiri gari akanigusa goti. Akasema, "Kumbe matunda yale yalikuwa yako." Nikasema ndiyo. Akasema yalikuwa mazuri. Sijui kama utaelewa nilivyojisikia, na sina nguvu ya kukueleza.

Sasa nisikilize. Ulikiri kwake kila kitu kwa karatasi moja, na hiyo karatasi ndiyo imemfunga mdomo. Ungekaa kwenye lile benchi pamoja nasi, ukamwambia mwenyewe kwamba uko radhi waandike lolote juu yako, huenda angesema hapana. Hukuwepo. Nimesikia kwa simu ya leo kwamba umeongezewa miezi mitatu. Mama alicheka kwa furaha mpaka akakosa pumzi, nikamwinamisha mbele mpaka ilipomrudia.

Nesi wa mashine ameniita pembeni. Amesema kikao kimoja kwa wiki hakitamfikisha mwisho wa mwaka, na amesema hivyo akinishika bega, kwa hiyo najua hakuwa ananitisha. Mimi nimebakiwa na cherehani moja. Kinyozi ametoa alichoweza. Kiwanja chako kina hati, na hati ina jina lako, na majani yanaota juu yake wakati huu ninapoandika. Kiuze. Ukipata hasara kwenye mkopo, pata hasara.

Kwenye makabrasha yenu, kwa kinywa cha mama yako, imeandikwa mara mbili kwamba unamtumia kila mwezi. Mara ya kwanza alidanganywa na mimi. Mara ya pili alikuwa anajua, na alijua pia itamgharimu nini.

Jumanne ni keshokutwa. Usinijibu kwa barua. Tuma.

Fundi.